Mama na Mkwe Wake Benchi la Nyuma

Nimechoka. Sisemi hivyo ili mtu anionee huruma, nasema ili ajue tangu mwanzo anasimuliwa na mtu wa namna gani. Tangu baba afariki, juma langu limekatwa vipande viwili: mwanzoni ilikuwa siku nne niko Ihanda kwa mume wangu, kwenye migomba na kahawa, siku tatu niko Kyerwa kwa mama, kando ya lile ziwa dogo tulikozaliwa, nikihangaika na boti aliyotuachia baba. Katikati ya hapo ni bodaboda, vumbi, na kiuno kinachoniuma mpaka nashindwa kuinama kanisani.

Boti yenyewe ni ya mbao, ndefu, ya kuvulia sato na kambale, lakini baba aliifungia injini kubwa ya nguvu za farasi arobaini kwa sababu alikuwa pia akivusha watu na ndizi kwenda ng'ambo. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na watoto wa kiume walichelewa kuja, kwa hiyo akanifundisha mimi kuiendesha. Nilikishika kipini cha injini hiyo kabla sijashika mwiko wa kwangu. Watu wa mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, walishangaa miaka ya mwanzo, baadaye wakazoea, na sasa wananishangaa nikiwa sipo.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, mambo ya uvuvi hayakumkaa. Alipofika umri wa kujitegemea alivuka mpakani Murongo akaenda Uganda, mpaka Jinja, akapata kazi kwenye hoteli moja ya watalii pale mtoni. Huko ndiko alikojifunza mchezo wa kuvutwa na boti akiwa amesimama juu ya ubao. Akaujua mpaka akawa anawafundisha wageni. Picha zake alikuwa akitutumia, na mama alikuwa akizitazama na kuuliza swali moja tu: huyo mtoto anamkosea nini Mungu mpaka atembee juu ya maji?

Miezi michache baada ya baba kufariki akaacha kazi akarudi. Alikuja na begi moja na ule ubao, ameufunga kwenye blanketi. "Nitakaa mwaka mmoja, dada," aliniambia, "upumzike kidogo." Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Ubao ulilala uvunguni, mpaka mama akauvuta siku moja akaanikia karanga. Mdogo wangu alitega nyavu, alizishona zilizochanika, aligombana na wachuuzi badala yangu. Mimi nikaanza kuja mara moja kwa juma. Nilishaanza kupiga hesabu za kutokuja kabisa.

Ndipo ikaja simu. Bosi wake wa zamani alikuwa amehamia hoteli nyingine huko huko Uganda, ya ziwani, na alikuwa anamtaka awe mwalimu mkuu wa ule mchezo. Ila mwenye hoteli hakuridhika na maneno. Mtu aliyekaa nchi kavu miaka miwili? Alitaka video mpya ya dakika moja, aonekane akiruka kutoka wimbi la upande huu hadi la upande ule bila kugusa maji katikati. Iwe imemfikia Jumatatu jioni, juma la pili kutoka siku ile. Isipofika, ana mtu mwingine.

Mdogo wangu alinieleza haya akiwa ameshika kipande cha wavu mapajani, na uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo sikuiona kwa miaka miwili. Nikamwambia hongera. Moyoni nilisema: basi, nimekwisha. Maana mama hahami pale, hilo hata ukimletea askofu hahami, na boti hataki iuzwe. Akiondoka huyu, ni mimi.

Sasa nieleze habari ya wimbi, kwa kuwa yote yalitokea hapo. Boti ikikimbia, nyuma yake hufunguka mawimbi mawili, moja kila upande. Sisi nyumbani tunauita mkia. Anayevutwa hukaa katikati, akajitupa kando, akarudi kwa kasi akilipanda wimbi moja nalo likamrusha hadi ng'ambo ya la pili. Mkia ukiwa umesimama, anaruka. Mkia ukiwa umelala, hata awe hodari vipi, atatoka nao kama aliyejikwaa.

Siku ya kwanza tulienda mimi na yeye, boti tupu, kamba imefungwa nyuma. Alisimama juu ya ubao vizuri tu, mwili haujasahau. Lakini mkia ulikuwa mpana, umelala. Alijaribu mara nne, akaogelea hadi kwenye boti akashika ubavu wake, maji yanamtiririka puani.

"Dada, huu si mkia. Hii ni mikunjo ya shuka."

"Ndiyo boti tuliyo nayo," nikamjibu. "Ulitaka meli?"

Akacheka. Ndivyo alivyo, ukimtukana anacheka. Kesho yake alikata mkaratusi, akausimamisha katikati ya boti na kuukaza kwa kamba pande zote, ili kamba yake ifungwe kileleni, imvute kutoka juu isimvute kutoka chini. Ikasaidia kidogo kwa upande wake, lakini mkia haukubadilika. Akasema dawa ni uzito. Boti iwe nzito, ikae kitako, ndipo maji yanapanda. Tukajaza madumu kumi maji ya ziwa.

"Tuyaweke wapi?" akauliza.

"Mbele," nikasema.

Hapo lazima nisimame niseme ukweli. Kwetu mzigo hukaa mbele. Ni amri ya baba, na haikuwa ya bure. Mwalo wetu umefichwa nyuma ya mafunjo, unaingia kwa mlango mwembamba wenye tope, na boti iliyolemea nyuma huchimba tope kwa pangaboi. Tena ukipunguza mwendo ghafla, ule mkia unakufuata na kumwagika ndani. Baba aliwahi kuweka mahindi ya mfanyabiashara mmoja nyuma, akasimama ghafla kumkwepa kiboko, maji yakaingia, injini ikazama na magunia yakaenda. Tangu siku hiyo ilikuwa mzigo mbele, mzigo mbele, mpaka tukawa tunaiota. Mdogo wangu aliikuta amri hiyo tangu anatambaa. Hakubisha. Tukapanga madumu yote kumi mbele.

Na mimi nilijua. Nimeendesha boti ile zaidi ya miaka ishirini. Najua siku wanawake wa ndizi wakijazana benchi la nyuma ili wapige soga nami, mkia unasimama mpaka unapindua mitumbwi midogo na wenyewe wananilaani na ukoo wangu. Najua pia kwamba ukizidisha moto wa injini, boti inanyanyuka na mkia unalala. Kuna mahali pamoja tu kwenye kipini, pale injini inapoacha kulalamika na kuanza kuguna, ndipo maji yanapanda juu kabisa. Nilipajua mahali pale kwa kiganja. Kila alipojipanga kuruka, nilikuwa naongeza moto kidogo. Kidogo tu, mtu asingeweza kuona.

Mungu anisamehe. Nilikuwa nimechoka.

Siku zikaenda. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, kila mtu yuko shambani, hakuna mwenye nafasi ya kuja kukaa kwenye boti kama gunia. Watoto wangu walikuwa bwenini. Mdogo wangu akapiga simu kwa rafiki yake wa Jinja, akarudi mbio kutoka kilimani kwenye mtandao.

"Nyuma, dada! Uzito unawekwa nyuma!"

"Na amri ya baba?"

"Baba alikuwa anavusha mahindi."

"Baba alikuwa anavusha watu," nikamkemea, "na hakuzamisha hata mmoja. Madumu hayakai nyuma kwenye boti hii. Maji yakiingia, dumu linaweza kuinuka lenyewe likasogea mbele?"

Akafikiri, nikaona anafikiri. Halafu akasema polepole, "Dumu haliwezi. Mtu anaweza."

Nilijinasa kwa mdomo wangu mwenyewe. Na mtu wa kufaa kazi hiyo alikuwa mmoja, naye alikuwa anakuja Jumamosi.

Mume wangu ni mtu mkubwa. Bodaboda wa Ihanda wakimwona anasimama barabarani wanajifanya wana abiria. Ni mpole, Mlutheri wa kukaa viti vya mbele, na maji anayaogopa, lakini shemeji yake alipomwomba akakubali hapo hapo. Alikuja Jumamosi na mkungu wa ndizi na kahawa ya kutafuna, akachukua chumba gesti ya Nkwenda kama kawaida yake, maana mkwe halali nyumba moja na mama mkwe, akashuka mwaloni amevaa jaketi la kuokolea ambalo halikufunga kifuani.

Akakaa benchi la nyuma. Mimi huwa nakaa nyuma yake kabisa, ubavuni mwa injini, nimeelekea mbele. Yeye akageuka akanitazama, simu mkononi, ili ampige picha shemeji yake. Boti ikakaa kitako. Hata kabla sijawasha moto wa kutosha niliusikia mkia unajikusanya nyuma yangu. Nikaongeza moto, kama kawaida yangu ya wizi. Lakini uzito ule haukuwa wa mchezo, haukudanganyika kirahisi. Mdogo wangu akaruka, akaanguka juu ya wimbi la pili. Akaruka tena, akaanguka pale pale.

"Bado kidogo!" alikuwa anapiga kelele kama mtoto. "Shemeji, umeona? Bado kidogo tu! Tungepata mtu mwingine mmoja kama wewe!"

Mume wangu alikuwa anacheka mpaka benchi linalia. Tulipokuwa tunafunga boti, nikasikia mdomo wangu unasema, "Kesho nitamleta mama."

Mdogo wangu akafurahi. Mama naye hana mwili mdogo, amejaaliwa, na alikuwa na hamu ya kuona mwanawe anafanya nini kule majini. Mdogo wangu hana mke, hana mkwe, na miaka mingi alikuwa ugenini. Halikumjia kichwani lile ambalo lilinijia mimi. Mume wangu alinitazama mara moja. Kwa heshima tu hakusema.

Kwa wasiotujua: kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawabanani. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno wanamtuma mtu hata kama wanasikiana. Ni Wakristo wote wawili, lakini hili Ukristo haukuligusa. Tangu nilipoolewa, mama na mume wangu walikuwa hawajaambiana hata shikamoo ya moja kwa moja.

Jumapili baada ya ibada nikamshika mama mkono nikamshusha mwaloni. Mume wangu alikuwa ameshakaa benchi la nyuma. Alipoona kitenge cha mama kinatokeza kwenye mafunjo, akainuka, akapita juu ya mabenchi yote akiyumbisha boti, akaenda kukaa mwisho kabisa wa mbele, amegeukia ziwa. Mama naye akakaa nyuma. Mmoja huku, mmoja kule, boti ikalala sawasawa kama meza.

Kama nilivyopanga.

Mdogo wangu alianguka mara sita siku ile. Mara ya sita hakucheka. Alikaa majini ameushika ubao, anautazama ule mkia uliolala, na sikuona usoni mwake hasira, niliona anahesabu siku. Siku zenyewe zilikuwa zimekwisha. Kesho yake ndiyo ilikuwa Jumatatu.

Mchana ule tulikaa na mama jikoni kumenya ndizi. Yeye anamenya upesi kuliko mimi mpaka leo. Alimenya kama kumi hivi, halafu akaweka kisu chini.

"Baba yenu ameendesha boti hiyo mpaka amekufa, na wewe umeiendesha. Hakuna siku uliwahi kuniambia, mama, njoo upande tutembee. Leo umenishika mkono mpaka kwenye maji. Ulinipeleka kufanya nini?"

"Umwone mwanao."

"Wee!" Alinitazama. "Ulinipeleka nimkimbize mkwe wangu."

Nilitaka kubisha. Mdomo ukafunguka, badala ya uongo kikatoka kilio. Nililia na utomvu wa ndizi mikononi, siwezi hata kujifuta. "Nimechoka, mama! Nimechoka! Huku nyavu, kule kahawa, huku wewe, kule mume, barabara yote naijua shimo kwa shimo. Huyu akienda mimi nitakuwa nani? Nitakufa niko juu ya pikipiki!"

Mama aliniacha nilie. Halafu akasema, sauti ya chini, "Najua umechoka. Ukilala hapa nakusikia asubuhi unavyomwita Mungu kabla hujavaa viatu. Lakini mdogo wako alikuwa na kazi yake. Aliiacha akaja, ukapumzika miaka miwili. Amekupa miwili. Unataka yote?"

"Na mimi nani atanipumzisha?"

"Mimi sina nguvu za kukupumzisha, mwanangu," akasema. "Nguvu zimekwisha. Nina uzito tu. Kesho nitakaa nyuma."

"Na mkwe wako?"

Akakiokota kisu chake. "Mkwe nitamgeuzia mgongo. Mila ilisema nisimtazame. Habari ya boti haikusema."

Jumatatu asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, hakuna upepo. Mume wangu alipomwona mama anashuka akaanza kuinuka. Mama akasimama ukingoni, akajifunika kitenge kichwa chote mpaka usoni, na kutoka ndani ya kitenge akanituma.

"Mwambie mume wako asiondoke pale alipokaa."

Mume wangu alikuwa hatua nne kutoka kwake. "Mwambie mama nimesikia," akasema, jasho linamtoka.

"Mwambie atazame nyuma, mimi nitatazama mbele. Na asitikisike."

"Mwambie mama sitatikisika."

Mdogo wangu alikuwa ameingia majini tayari, ameshika kamba, anatutazama mdomo wazi. Nadhani ndipo alipoelewa kilichotokea jana. Mama akapanda, tukamshika huku na huku, akakaa benchi la nyuma ameelekea mbele. Mume wangu ubavuni mwake ameelekea nyuma, upande wangu, simu ameishika kwa mikono miwili. Kati yao pangepita kiganja tu. Wote wawili walikuwa wamejikunja kama watu wanaokwepa moto. Jamani, ningekuwa na nguvu ya kucheka ningecheka.

Boti ikakaa kitako namna ambayo sikuwahi kuiona. Maji yalikuwa karibu na ukingo kule nyuma. Nikawasha. Nikaongeza moto mpaka injini ikaacha kulalamika, ikaanza kuguna. Hapo nikakishika kipini. Kilinitetemeka mkononi na kiuno kikaniwaka moto, lakini sikuongeza, sikupunguza. Nyuma yangu niliusikia mkia unapanda, maji yanavuma kwa sauti nzito. Mwenye kuendesha hageuki. Mbele kuna mafunjo, kuna viboko, kuna nyavu za watu. Nilitazama mbele. Mbele yangu nilikuwa naona kichwa cha mama kwenye kitenge, na uso wa mume wangu umenielekea, anamtazama shemeji yake juu ya bega langu kupitia simu.

Nikaona uso ule unabadilika. Macho yakapanda juu, yakakaa juu, yakashuka. Halafu mume wangu, mtu wa viti vya mbele, akapiga ukelele.

Nilijua. Nikaanza kupunguza moto polepole, lakini hata polepole yangu haikutosha kwa uzito ule. Mkia ukatufikia, ukapanda, ukamwagika ndani ukanipiga mgongoni, ukawalowesha wale wawili mpaka kiunoni. Mume wangu akabaki ameganda, maji mapajani, mkono mmoja hewani na simu, mwingine haujui pa kushika, kwa sababu cha kushika kilikuwa mama mkwe wake.

Mama akatoa kichwa kwenye kitenge. "Sogea mbele, baba! Sogea, utatuzamisha!"

Lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia yeye mwenyewe tangu nilipoolewa. Akasogea. Mama naye akasogea nyuma yake, boti ikainuka, tukachota maji kwa ndoo sote watatu mpaka mdogo wangu akaogelea akatufikia. Alikuwa analia na kucheka. Alimkumbatia shemeji yake, akamkumbatia mama. Mimi nilikuwa nimeinamia injini, nakausha plagi, nikamwambia asinisumbue.

Video ilitumwa kutoka kilimani kabla ya saa sita. Jibu lilikuja siku ile ile.

Nilimsindikiza mpaka Murongo. Ilikuwa siku ya watu wengi, magunia yanapanda na kushuka, bodaboda wanatuvuta mikono. Ubao alikuwa ameufunga tena kwenye lile blanketi. Tulipofika pale abiria wanapotengana na wasindikizaji, akanishika bega.

"Dada, ule moto uliokuwa umeushika Jumatatu. Kwa nini hukuushika tangu siku ya kwanza?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ni injini. "Nilikuwa nimechoka," nikamwambia.

"Najua," akasema. Akaokota begi lake akaenda.

Sasa juma langu limegeuka: siku tano ziwani, mbili Ihanda, na mara nyingine mume wangu ndiye anayekuja. Bado analala gesti ya Nkwenda. Ila siku hizi akifika uani mama anamjulia hali mwenyewe, akiwa amegeukia ukuta, naye anamjibu akiwa ametazama migomba. Mzigo nimeurudisha mbele. Nyavu nazishona usiku ninapoweza, na kiuno changu ndicho kile kile.

Ile video mama ameing'ang'ania. Kila jioni nikirudi ananiomba simu, nami nampa bila kutazama, kwa kuwa ziwa nimeliona la kutosha. Juzi akaniuliza mbona mimi huwa siitazami.

"Nilikuwepo, mama. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

"Basi tazama sasa. Keti."

Nikaketi. Nilidhani nitamwona yeye, lakini mwanzo nilijiona mimi. Mume wangu hajui kupiga picha, uso wangu umejaza upande mmoja wote: leso imelegea, midomo nimeibana, macho yametazama mbele, yamekauka. Sikujua kwamba nimezeeka hivyo. Nyuma ya sikio langu mkia umesimama, mkubwa, mweupe juu. Naye anakuja kutoka kando, anaupanda, anaondoka majini. Anakaa hewani muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Anatua ng'ambo, magoti yanakunjika, haanguki.

Kisha anaachia mkono mmoja. Hapungii simu. Anaunyoosha ule mkono kuelekea mgongo wangu, anaurudisha anajipiga kifuani, anaunyoosha tena. Mara tatu. Mdomo wake unafunguka anaita kitu, injini inakimeza.

Nami pale mbele natazama mafunjo tu.

"Umeona?" mama akauliza. "Kila siku nangoja ugeuke."